Waifai ya Marehemu Salmini

Nakwambia mapema kabisa: hii utaikataa. Utasema nimetunga, utasema simu imeniharibu akili. Sawa, sema. Lakini Alhamisi ile ya Julai, saa tatu na dakika kumi asubuhi, huku juu Newala, mwalimu aliyezikwa siku thelathini na sita nyuma aliwasha waifai yake, na vishikwambi vya wanafunzi vikamfuata. Watu walikuwepo. Waliona kwa macho yao. Kaa vizuri nikupe ilivyokuwa, na usiruke hata mstari mmoja, maana ukiruka utapotea.

Koplo Faidha alikuwa amesimama nyuma ya chumba cha kompyuta, shule moja ya sekondari inaitwa Chilangwa. Mgongo ukutani, simu mkononi. Nje ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mikorosho, na baridi ile ya Julai inaingia mpaka kwenye meno. Yeye ni mpelelezi wa Masasi. Alipanda huku juu kwa sababu ya jalada moja: Mwalimu Salmini, miaka thelathini na nne, aligongwa na gari alfajiri akiwa kwenye pikipiki yake, anateremka Masasi. Gari halikusimama. Pikipiki ilikutwa, kofia ilikutwa, mwili ulikutwa. Pochi yake ya ngozi haikukutwa. Ndani ya pochi kulikuwa na karatasi za ukaguzi na kirauta cha mfukoni, kale kanakosambaza waifai, kadogo kama kipande cha sabuni ya kuogea.

Sasa juzi mkuu wa shule akapiga simu kituoni. Akasema waifai ya marehemu imeonekana shuleni. Mara mbili. Zote mbili siku ya jaribio.

"Wote mko tayari?" Mujibu aliuliza pale mbele.

Mujibu ndiye fundi aliyefunga mtandao wa shule. Kijana mtanashati, jaketi la kijivu, kibegi kidogo kifuani. Gari la kituo lilikuwa bovu, kwa hiyo ndiye aliyempandisha Faidha asubuhi ile kwenye gari lake, njia nzima anachekesha.

"Mkiona ukurasa wa maswali, bonyezeni anza. Hili ni jaribio tu, msitetemeke. Jumatatu ndio mtihani wenyewe. Haya. Anzeni!"

Vidole vikaanza. Vishikwambi arobaini, vichwa arobaini vimeinama. Dakika ya kwanza shwari. Ya pili shwari. Faidha akaanza kuona aibu kidogo, kwamba kapanda mlima kwa hadithi za watoto.

Ndipo binti mmoja wa mstari wa tatu, Sikuzani, akanyoosha mkono.

"Vipi, Sikuzani?"

"Sir amekuja."

"Sir nani?"

"Sir Salmini." Binti akageuza kishikwambi chake watu waone. Pale juu kwenye kona, penye jina la mtandao, palikuwa pameandikwa CHILANGWA MTIHANI. Sasa pameandikwa MWL SALMINI. Ukurasa wa maswali umekuwa mweupe kama sanda.

"Na mimi!"

"Na yangu! Jamani na yangu!"

Kimoja baada ya kingine, mstari kwa mstari, kama mtu anapita katikati ya madawati anavigusa. Mtoto mmoja akapiga ukelele. Basi ikawa vurugu tupu. Madawati chini, watoto wanabanana mlangoni, mmoja katoka kwa dirisha na kiatu kimoja.

Faidha akaangalia simu yake mwenyewe. Aisee. Jina lile lile. MWL SALMINI, vijiti vyote vimejaa.

"Nilisema mimi," Mujibu akanong'ona pembeni yake. "Hii mara ya tatu. Hiki si kitu cha mtandao tena, Afande. Hapa aitwe shehe asome dua."

"Waifai haina mzimu, Mujibu. Ina betri." Faidha alisema hivyo kwa sauti ya askari, lakini mdomo ulikuwa mkavu. "Na betri ina mtu wa kuichaji. Kinafika wapi kirauta kile?"

"Mita thelathini. Arobaini kukiwa wazi."

"Kwa hiyo kimo humu humu."

Na hilo ndilo lililomtisha Faidha kuliko jina. Aliyemgonga Salmini ndiye aliyechukua pochi. Pochi ilikuwa na kirauta. Kirauta kiko mita thelathini kutoka aliposimama. Ina maana mtu huyo alikuwa anamwangalia muda huo huo.

*

Ofisi ya mkuu wa shule iko upande wa pili wa uwanja wa mpira. Madam Ziada, mama wa makamo, ushungi wa buluu, alikuwa ameshika kikombe cha chai hakinywi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umeona?"

"Nimeona. Nataka kujua kitu kimoja. Vishikwambi vimejuaje kumfuata marehemu?"

"Yeye ndiye aliyevifundisha. Vilipokuja, shule haikuwa na mtandao wowote. Salmini akachukua kirauta chake mwenyewe, akakaa siku mbili, akaviunganisha kimoja kimoja, jina na neno la siri. Vikamzoea. Mujibu alivyokuja kufunga huu mtandao mkubwa, lile jina la mwanzo likabaki humo ndani."

"Kikiwashwa tu, vinakimbilia kwake."

"Ndiyo. Na kenyewe kanabeba watu kumi tu, sasa arobaini wanagombania. Mtihani unakufa."

"Kwa nini jina halikufutwa?"

Madam akaweka kikombe chini. "Mujibu aliagiza lifutwe baada ya jaribio la kwanza. Ni kazi ya nusu saa. Cuthbert akakataa."

"Cuthbert ni nani?"

"Mwalimu wa kompyuta. Alikuwa msaidizi wa Salmini. Sasa ndiye amebaki."

Faidha akaandika kwenye simu: *Cuthbert, alikataa.* "Na marehemu siku ile alikuwa anateremka Masasi kufanya nini?"

"Kupeleka ripoti ya ukaguzi. Nilimwambia aitume kwa simu, akasema hii hapana, Madam, hii napeleka kwa mkono. Kuna kitu hakikukaa sawa kwenye mtandao wetu. Hakuniambia kitu gani."

Simu ya Faidha ikalia. Afande Abdulrazaki, bosi wake.

"Koplo, habari zimefika huku. Mzazi mmoja karusha video, watoto wanaruka madirishani. Wakubwa wamewaka. Saa nane mchana nataka mtu mezani kwangu."

"Afande, naomba hata siku mbili..."

"Saa nane. Jumatatu mtihani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Afande."

Alipokata, macho yake yakaenda juu ya kioo bila kukusudia. Kwenye orodha ya waifai, jina la marehemu halipo. Limepotea kabisa. Akatoka, akavuka uwanja akirudi chumba cha kompyuta, Mujibu anamsubiri barazani. Hatua kumi kabla ya kumfikia, MWL SALMINI likarudi. Kijiti kimoja. Vitatu. Vyote.

Faidha akageuka nyuma haraka. Hakuna mtu. Uwanja mtupu, ukungu, na magoli mawili.

*

Mwalimu Cuthbert walimkuta stoo ya vitabu, kakaa juu ya boksi. Mrefu, mwembamba, kola ya shati imeisha lakini imepigwa pasi mpaka inakata.

"Ulikuwa wapi saa tatu na dakika kumi?"

"Hapa."

"Jaribio la somo lako linaendelea, wewe uko stoo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba litatokea tena. Na likitokea mtasema mimi."

"Sasa limetokea. Kwa nini ulikataa kufuta jina?"

Cuthbert akamtazama, akamtazama Mujibu aliyesimama mlangoni, akarudi kwake. "Afande, wewe mwenyeji wa wapi?"

"Masasi. Naomba jibu, mwalimu."

"Basi utanielewa. Salmini ni Mwislamu, mimi Mwanglikana, kwetu Lulindi. Lakini miaka sita tumekula sahani moja. Hitma yake ni Jumapili hii. Nguo zake bado hazijagawiwa. Kiti chake pale ofisini hakuna aliyekikalia. Halafu mimi nichukue kidole changu, nipite kishikwambi kwa kishikwambi, nibonyeze futa Salmini, futa Salmini, mara arobaini, kabla arobaini yake? Watoto wananiangalia?" Akainuka kwenye boksi. "Mkewe, Esha, bado yuko eda. Angesikia ningemtazama vipi? Nikasema Jumapili ipite. Jumapili jioni nafuta mwenyewe, Jumatatu mtihani unakwenda."

Mujibu akacheka puani. "Umesikia, Afande? Mtandao wa serikali unasubiri pilau ya hitma."

"Wewe unacheka kwa sababu hukumzika," Cuthbert akasema.

Mimi nakwambia, Faidha alimwamini. Bibi yake mwenyewe aliacha namba ya marehemu babu kwenye simu miaka mitatu. Huku kwetu hufuti jina la mtu ambaye bado watu wanakuja kumlilia. Lakini imani haiandikwi kwenye jalada. Kwenye jalada kunaandikwa hivi: alikijua kirauta, alikuwa peke yake muda wa tukio, na alikataa kuondoa jina. Ukisoma hivyo, Cuthbert kaisha.

"Tukitafute," Faidha akasema. "Mujibu, una kitu cha kupimia?"

"Ninacho." Mujibu akatoa kishikwambi chake kikubwa cha kazi. "Hiki kinasoma nguvu ya mtandao wowote. Angalia hapa. Hasi themanini, uko mbali. Ukisogea inakwenda sabini, sitini. Ikifika hasi thelathini, umekikanyaga."

"Twende."

Wakaanza kutembea, Mujibu mbele na kipimo, Faidha nyuma yake, Cuthbert katikati ya Faidha na Madam Ziada, aliyekuja kushuhudia. Watoto wamejazana upande wa bweni. Hebu fikiria shule nzima imenyamaza.

"Sabini na tano," Mujibu akasoma. Wakapita jikoni. "Sabini na nane. Tunapotea. Turudi." Wakapita maabara. "Sabini. Sitini na nne." Wakaingia korido ya walimu. "Hamsini na tano. Afande, tunakaribia."

Kila mlango aliopita, Faidha alihisi kuna mtu nyuma yake amebana pumzi. Akaweka mkono kiunoni, akakumbuka hana silaha, ana pingu tu.

"Arobaini na moja. Thelathini na sita." Mujibu alisimama kwenye meza ya kona. "Hapa."

"Meza ya nani hii?"

Cuthbert ndiye aliyesema mwenyewe, polepole: "Yangu."

Faidha akavuta droo. Imekwama.

"Ngoja nikusaidie, hizi zinabana," Mujibu akasema. Akaingiza mkono wake, akatikisa, akavuta. Droo ikafunguka. Chaki, kalamu nyekundu, madaftari, pakiti ya biskuti. Na kwenye kona ya ndani, kifuniko cheupe cha plastiki, kidogo, kina vumbi jekundu kwenye kingo. Ukikigeuza, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: SALMINI.

Madam Ziada akashika mdomo. "Yallah."

"Ndio kifuniko cha nyuma cha kirauta," Mujibu akasema. "Chenyewe atakuwa kakihamisha."

"Sijawahi kukiona hicho humo!" Cuthbert akarudi nyuma mpaka ukutani. "Afande, naapa kwa mama yangu! Asubuhi nimetoa kalamu kwenye droo hiyo, hakikuwemo!"

Faidha akampekua mwenyewe. Mifuko, soksi, viatu, mpaka pindo la suruali. Akapekua droo zote, kabati, stoo, juu ya dari. Kirauta hakipo. Lakini kifuniko kipo, na saa ni sita na nusu, na bosi anasubiri mezani.

Akamfunga Cuthbert pingu. Mlio wake ule mdogo, tiki, kila mtu aliusikia.

Sikuzani, yule binti, alitoka kwenye kundi akakimbia mpaka kwenye gari. "Afande shikamoo! Afande, Sir Cuthbert hawezi! Ndiye aliyelala na Sir Salmini mochwari mpaka asubuhi! Afande!"

"Marahaba, mwanangu. Rudi nyuma."

"Hamumjui nyie!"

"Rudi nyuma," Faidha akarudia, na hakumtazama usoni.

*

Gari liliondoka. Mujibu anaendesha, Faidha kiti cha mbele, Cuthbert nyuma na pingu zake. Wakapita nyumba za mwisho, wakaingia barabara ya mteremko, mikorosho kushoto, mikorosho kulia, unga wa salfa wanaopulizia umegeuza majani kuwa ya njano.

"Pole na kazi, Afande," Mujibu akasema. "Umekula lakini? Masasi naijua sehemu wanachoma kuku, utalamba mfupa."

"Nitakula nikimaliza."

"Umeshamaliza."

Faidha akachukua simu amwandikie bosi kwamba anakuja. Neti hakuna. Mteremko ule laini yake haishiki mpaka ukaribie chini kabisa. Betri ilikuwa asilimia kumi na tisa. Akasema ngoja nizime waifai nipunguze matumizi. Akafungua.

MWL SALMINI. Vijiti vyote.

Alidhani macho. Akafumba, akafumbua. Lipo. Chilangwa iko kilomita kumi na mbili nyuma. Nyumba hakuna, mtu hakuna, kuna gari moja tu barabarani na ndani yake watu watatu.

Nataka uelewe baridi iliyomshika pale. Hakugeuza shingo. Hakupumua kwa nguvu. Akaacha simu mapajani na akili ikaanza kwenda mbio. Cuthbert alishapekuliwa na Faidha mpaka soksi. Yeye mwenyewe hana. Amebaki mmoja. Na huyo mmoja hakumpekua hata mara moja, kwa sababu alikuwa anamsaidia! Ofisini kwa Madam jina lilipotea kwa sababu Mujibu hakuwa naye. Alivyomrudia likarudi. Namba za kipimo nani alizisoma? Mujibu. Droo nani aliifungua? Mujibu, na mkono wake ukatangulia ndani. Agizo la kufuta jina nani alilitoa, akijua Cuthbert atakataa? Mujibu. Mtandao wenye kasoro, ule ambao Salmini alikuwa anaupelekea ripoti kwa mkono, nani aliufunga? Na ukigoma siku ya jaribio, lawama akipewa marehemu au Cuthbert, nani atakumbuka kufungua rauta ya shule aone kama kilichofungwa ndani ni feki?

Kibegi bado kiko kifuani kwake. Hata mkanda wa gari kaufunga juu yake. Tangu walipoanza kukitafuta hakuwa amepata dakika moja peke yake akizime.

"Mbona kimya, Afande?"

"Kichwa kinauma."

"Pole. Ni hii miteremko." Akaongeza mwendo kidogo.

Faidha akaangalia tena simu. Laini yake haina kitu. Lakini kirauta kile kina laini ya mtandao mwingine, ambao huku mteremkoni unashika. Hiyo ndiyo njia pekee ya kutoa ujumbe kwenye gari lile: kupitia kwa marehemu. Imefungwa kwa neno la siri. Kama kuna mtu aliyebaki duniani analijua, ni yule aliyekula naye sahani moja miaka sita, na sasa amekaa nyuma na pingu alizomfunga yeye.

Akaandika kwenye kioo cha simu: *Si wewe. Najua. Kirauta kiko kwenye begi lake. Niunganishe, niite watu.* Kisha akageuka na kusema kwa ukali:

"Mwalimu! Mama yako yuko Lulindi?"

Cuthbert akanyanyua kichwa. "Ndiyo."

"Ukifika Masasi simu hushiki tena. Andika ujumbe wa kumuaga sasa hivi, ukipata neti utaenda. Dakika moja. Usinichezee."

"Una huruma wewe," Mujibu akasema, anatabasamu kwenye kioo cha kati.

"Kila mtu ana mama."

Cuthbert akapokea simu kwa mikono miwili iliyofungwa. Akasoma. Akasoma tena toka mwanzo. Faidha akawaza: ananichukia, na ana haki. Kisha dole gumba la Cuthbert likaanza kugonga. Taratibu, herufi moja moja. Machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Asante, dada," akasema, akarudisha simu.

Imeunganishwa. Faidha akaandika haraka akiwa ameegemea mlango: *Afande, ni Mujibu. Kirauta anacho mwilini. Tupo mteremkoni, hana habari. Njooni.* Akatuma. Alama moja ya vyema. Ya pili.

Na hapo hapo simu ya Mujibu, iliyobandikwa kwenye dashibodi, ikawaka. Ilikuwa mbele ya macho yao wote wawili, herufi kubwa kabisa, hata Cuthbert kule nyuma aliisoma:

*Kifaa kipya kimeunganishwa.*

Kumbe kirauta kilikuwa kinamripotia yeye kila anayeingia. Mujibu aliangalia ile simu, akaangalia barabara, akaangalia simu tena. Lile tabasamu halikuondoka usoni, lilibaki tu limesahaulika pale. Akapunguza mwendo. Kona moja. Kona ya pili. Ya tatu, pale ambapo ukingo wa barabara umemeguka na chini ni vilele vya mikorosho mpaka macho yanachoka, akasimama. Akazima gari. Akachomoa ufunguo.

Simu ya Faidha ikatetemeka mkononi. Bosi: *Tumetoka. Dakika ishirini na tano. Hicho kirauta kisipotee, bila hicho hatuna kesi, tuna mwalimu na kifuniko.*

Mujibu alishuka, akafunga mlango taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akazunguka mbele ya gari, akasogea mpaka ukingoni kabisa. Akafungua zipu ya kibegi na kutoa kitu kidogo cheupe, hakina kifuniko nyuma, kinawaka kitaa cha kijani. Akanyoosha mkono, akakining'iniza juu ya bonde kwa vidole viwili.

"Afande," akaita. Wala hakupaza sauti. "Shuka tuongee. Wewe na mimi tu. Mwalimu abaki. Ukishuka, nakupa mkononi. Usiposhuka, nakiachia, halafu utawaeleza hao uliowaita kwamba waifai ilikuwa kwangu, uone nani atakuamini."

Mkono wake wa pili bado ulikuwa ndani ya kibegi. Haukutoka.

Faidha akashika kitasa. Dakika ishirini na tano. Kirauta kikianguka pale, hakuna atakayekipata, na Cuthbert ataingia ndani kwa kifo cha rafiki yake, kwa pingu alizofunga yeye Faidha, kwa kifuniko alichokitoa kwenye droo yeye Faidha. Akishuka, ni yeye, muuaji, na ukingo uliomeguka.

"Usishuke, dada," Cuthbert akanong'ona nyuma yake. "Kiache kianguke. Mimi nitajua mwenyewe huko mbele. Usishuke."

"Nahesabu tano," Mujibu akasema kule nje. "Moja."

Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ndani. Kifungo cha kuufunga kiko sentimita mbili kutoka kwenye kitasa, vidole vya Faidha vinafika kote kuwili.

"Mbili."

Haya, wewe uliyenifuata mpaka hapa na simu yako mkononi. Mtu asiye na kosa yuko nyuma yako anakuambia jiokoe. Ushahidi pekee wa kumtoa unaning'inia vidoleni mwa aliyeua, na hujui mkono wake wa pili umeshika nini. Niambie ukweli, usinidanganye: ungevuta kitasa, au ungebonyeza kifungo?